Niliruka dhamana mwaka 2014, sasa nataka kwenda Oman: waranti ile si imeshakufa?

Swali lenyewe, nimelifupisha:

"Shikamoo wakili. Mwaka 2014 nilikuwa naendesha bodaboda Morogoro, kijiwe cha karibu na stendi ya Msamvu. Nikagombana na mwenzangu kisa abiria, nikampiga na helmeti kichwani akashonwa. Nikapelekwa mahakama ya wilaya kwa shambulio la kudhuru mwili, mjomba wangu akanidhamini kwa bondi ya milioni moja. Nilihudhuria mwanzoni, alafu nikapata mchongo wa machimbo Geita, nikaondoka, sikurudi tena. Nikasikia hakimu ametoa waranti. Saizi niko Mbagala, nimepata kazi ya udereva Oman na ajenti anataka cheti cha tabia njema cha polisi. Kuna mtu kaniambia nimpe laki tatu atoe jina langu kwenye kompyuta. Je, waranti ya miaka yote hiyo si imeshakufa? Na nikienda mwenyewe si watanifunga?"

Marahaba mdogo wangu.

Nianze na hiyo laki tatu maana ndo iliyonikera. Usiitoe. Huyo hana kompyuta yoyote ya kutoa jina lako. Amri ya kukukamata imeandikwa ndani ya jalada la kesi kule Morogoro, hakimu akasaini karatasi ya waranti ikagongwa muhuri ikapelekwa polisi waitekeleze, basi. Polisi kazi yao ni kuitekeleza, kuifuta hawawezi hata awe na nyota ngapi begani. Ukimpa hela atakula, alafu atabaki anajua jina lako, namba yako ya simu na kwamba unatafutwa, mwezi ujao anarudi anataka laki nyingine na wewe huna pa kumshtakia kwa sababu na wewe umetoa rushwa. Akikung'ang'ania, namba ya TAKUKURU ni 113, haikatwi hela.

Haya, waranti. Haijafa. Sheria yetu ya mwenendo wa makosa ya jinai inasema waranti inabaki na nguvu mpaka itekelezwe, yaani ukamatwe, au mpaka mahakama iliyoitoa iifute. Hakuna tarehe ya kuisha. Watu wengi wanachanganya na madeni, kwenye madai ya hela kuna ukomo, ukikaa miaka kadhaa bila kudai unapoteza haki, lakini sheria ya ukomo haigusi kesi za jinai. Hakimu aliyeitoa anaweza kuwa amehamishwa Kigoma au amestaafu anafuga kuku, haijalishi, waranti ni ya mahakama sio ya hakimu. Na kwa sababu hiyohiyo ofisi ya mtendaji wa kata haiwezi kukusaidia, OCD, yaani mkuu wa polisi wa wilaya, hawezi, na mahakama ya wilaya ya Temeke ambayo iko jirani na wewe haiwezi. Ni Morogoro tu, palepale ilipotoka. (Haya nasemea Bara. Zanzibar wana sheria yao ya mwenendo wa jinai, mahakama zao na DPP, yaani mkurugenzi wa mashtaka, wao.)

Utaniuliza kwa nini basi hujakamatwa miaka yote hii. Kwa sababu mara nyingi hakuna askari anayeamka asubuhi kwenda kutafuta mtu aliyeruka dhamana ya ugomvi wa kijiweni. Anayetafuta kwa bidii ni mlalamikaji akiwa na uchungu, au mdhamini akiwa amebanwa, hao ndo wanaokuja na askari kukuonyesha. Wewe ulikuwa Geita, hawakujua uko wapi. Lakini sasa unataka kwenda mwenyewe polisi kupiga alama za vidole kwa ajili ya cheti, na jina kamili na NIDA unawaachia. Unaona ulichotaka kufanya? Cheti subiri kwanza. Kitakuja mwisho wa safari hii, sio mwanzo.

Kabla hujafunga safari ya kwenda kujisalimisha lazima ujue jalada lako limelala kwenye hali gani, na hapa ndo watu wengi wanaharibu, wanakimbilia mahakamani kichwa kichwa au wanakimbia kabisa wakati hawajui hata wanakimbia nini. Kuna hali kama tatu hivi.

Ya kwanza, na ndo naidhania kwako, ni kwamba ulipokosa kuja mahakama ikatoa waranti, kesi ikaahirishwa ikaahirishwa, polisi wakawa wanarudisha jibu kwamba hujapatikana, mwisho jalada likawekwa pembeni mpaka upatikane. Kesi ipo, haijasikilizwa, waranti ipo.

Ya pili, mwendesha mashtaka aliona hakuna mshtakiwa na mashahidi wamechoka kuja, akaomba kuondoa shtaka. Hapo wengi wanashangilia "kesi imefutwa" lakini tulia kidogo. Shtaka likiondolewa kabla hujajitetea sio sawa na kuachiwa huru baada ya kusikilizwa, linaweza kufunguliwa tena. Ila ukweli kwa ugomvi wa namna hiyo baada ya miaka yote hii, ukikuta hivyo umepona kwa kiasi kikubwa, kazi inayobaki ni kuhakikisha ile karatasi ya waranti haijabaki inaelea huko polisi.

Ya tatu ndo mbaya. Sheria inairuhusu mahakama, mshtakiwa asipotokea siku kesi ilipoahirishiwa, iendelee kusikiliza bila yeye. Kwa hiyo inawezekana kabisa mwenzako alikuja akatoa ushahidi, daktari akaleta PF3 (ile fomu ya polisi ya majeruhi), hakimu akakutia hatiani na kukupa adhabu wewe ukiwa duarani, kwenye shimo la dhahabu Geita. Hapo waranti yako sio tena ya kukuleta ukasikilizwe, ni ya kukuleta uanze kutumikia. Kosa la shambulio la kudhuru mwili linakwenda mpaka miaka mitano. Kwa mtu aliye hali hii, kwenda bila wakili ni kujipeleka jela kwa nauli yako.

Utajuaje uko wapi kati ya hizo? Unahitaji namba ya kesi. Na namba hiyo anayo mtu mmoja ambaye najua humtaki kuonana naye.

Mjomba. Kwenye barua yako umemtaja sehemu moja tu kwamba alikudhamini, alafu hujasema tena kilichompata. Ngoja nikuambie kinachompata mdhamini. Ile bondi ya milioni moja sio kwamba alitoa hela siku ile, alisaini ahadi kwa Jamhuri kwamba usipotokea atalipa. Uliposepa, mahakama ilimwita aeleze kwa nini asilipe. Hapo anapewa muda akutafute, anazunguka kwa ndugu anauliza, wewe umebadilisha laini. Akishindwa anaamriwa kulipa, asipolipa mali zake zinaweza kukamatwa zikauzwa, na zikikosekana hata kufungwa anaweza kufungwa. Mimi sijui mjomba wako aliishia hatua gani kati ya hizo, lakini wewe ni mpwa wake na umekaa miaka yote hii bila kuuliza, na hilo nakulaumu kabisa, tena zaidi ya ile helmeti.

Kwa hiyo safari yako ya kwanza ni kwake. Usimpigie simu, nenda. Mtangulize mama yako au mtu mzima mwingine wa ukoo anayemheshimu, ukaombe radhi kama watu wanavyoombana, ukae usikilize atakavyosema bila kujitetea. Sio kwa sababu ya adabu tu. Yeye ndo mwenye kopi ya bondi au samansi alizopelekewa, na juu ya hizo karatasi kuna namba, kitu kama Kesi ya Jinai namba fulani ya mwaka 2014. Yeye ndo anajua kama alilipa na kama alipewa risiti ya serikali. Yeye ndo anaweza kujua kama mlalamikaji bado yuko Morogoro. Na kama alilipa, milioni hiyo ni deni lako kwake, panga namna ya kumrudishia hata kidogo kidogo kabla hujaanza kupanga hela ya visa. Kama amri ilitoka lakini hakumaliza kulipa, mahakama ina uwezo wa kupunguza kiasi, hilo wakili analiombea siku ileile utakapofika wewe.

Ukishapata namba, mtu mwingine, sio wewe, aende masijala ya mahakama kulifuatilia jalada. Wakili ndo bora, lakini hata ndugu anaweza kuanza. Angalizo dogo: mahakama za Morogoro mjini nyingi zilihamia kwenye kituo jumuishi cha utoaji haki kilichofunguliwa 2021, kwa hiyo asiende kuhangaika kwenye jengo ulilopandishwa wewe kizimbani, aulize majalada ya zamani ya wilaya yamehifadhiwa wapi. Kesi za siku hizi ziko kwenye mfumo wa mtandao, ya kwako ni ya enzi ya rejista. Karani atashusha lile daftari kubwa la 2014, atateleza na kidole kwenye majina, na kwenye safu ya mwisho kuna matokeo ya kesi. Ikiwa pako wazi maana yake haijaisha. Alafu ndo litafutwe jalada lenyewe, na hapo anayesoma aende kurasa za nyuma kabisa, mistari michache ya mwandiko wa hakimu, mara nyingi kwa Kiingereza kwa sababu kumbukumbu za mahakama za wilaya ziliandikwa hivyo kabla ya sheria kubadilishwa 2021 Kiswahili kiwe lugha ya mahakama. Mistari hiyo inasema nani alikuwepo, nani hakuwepo, amri gani ilitolewa. Bila namba inawezekana pia ila inachukua muda na subira, atafute kwa jina lako kama lilivyoandikwa kwenye hati ya mashtaka, ambalo linaweza lisifanane na la NIDA. Kama polisi walikuandika "Juma Saidi" wakati wewe ni Juma Said Mohamed, hilo nalo lijulikane mapema.

Wakili huna hela? Kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, na chini yake kuna mashirika na wasaidizi wa kisheria kwenye halmashauri karibu zote, kuna LHRC (Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu), na kampeni ya msaada wa kisheria ya Mama Samia iliyoanza 2023 ikipita mkoani kwenu itumie. Msaidizi wa kisheria hawezi kusimama mahakamani kukuwakilisha lakini kufuatilia jalada na kukuelekeza anaweza. Ukiamua kulipa wakili, jina lake liangalie kwanza kwenye mfumo wa e-Wakili wa mahakama. Pale nje ya mahakama kuna vishoka wenye suti kuliko sisi.

Sasa tuje siku ya kwenda. Nasema kwenda mahakamani, sio kituo cha polisi. Ukienda kituoni utaandikwa, utawekwa mahabusu, na sheria inawapa masaa ishirini na nne lakini ukiingia Ijumaa jioni utayaona masaa hayo yanavyorefuka mpaka Jumatatu. Mahakamani unaenda moja kwa moja mbele ya mwenye uwezo wa kufuta. Chagua Jumatatu au Jumanne, sio Ijumaa, na sio siku ya kuamkia sikukuu, maana kuanzia saa nane mchana wa siku kama hiyo hata hakimu mwema hana muda na wewe. Kabla ya hapo wakili awe ameandika barua mahakamani na kopi kwa Ofisi ya Taifa ya Mashtaka ya pale kwamba mshtakiwa atafika mwenyewe tarehe fulani. Kopi ya hiyo barua itembee na wewe mfukoni kuanzia siku inapoandikwa. Siku ukikamatwa njiani kabla hujafika, usikimbie wala usibishane, unaitoa, unaeleza ulikuwa unaenda, unaomba ndugu yako ajulishwe uko kituo gani. Mtu aliyekamatwa na barua ya kujisalimisha yenye tarehe ya juzi sio sawa na mtu aliyevutwa chini ya kitanda.

Nenda na wadhamini wapya wawili wakiwa tayari, hapohapo, sio uanze kuwapigia ukiwa kizimbani. Kila mmoja na barua ya serikali ya mtaa yenye picha na muhuri, kitambulisho cha NIDA na fotokopi yake, na kama mmoja ni mtumishi au ana nyumba yenye hati au barua ya mauziano ni vizuri zaidi. Na usimwombe mjomba tena. Hata akikubali.

Fika mapema, saa moja na nusu. Vaa nguo safi za kawaida. Simu, saa, hela nyingi acha kwa ndugu, bakiza ya chakula. Una dawa unazotumia kila siku? Zibebe na karatasi yake ya hospitali. Utakaa kwenye benchi la nje na watu wa kila aina, waliokuja kutajiwa kesi, mama aliyekuja kumwona mwanae akishuka kwenye karandinga, na utapata hamu kubwa sana ya kuondoka, kila mtu anaipata. Wakili atamwona karani, jalada litapelekwa kwa hakimu, mtaitwa. Ukisimama pale hakimu ataangalia jalada, ataangalia uso wako, na atakuuliza swali ambalo unatakiwa uwe umelijibu kichwani wiki nzima kabla: ulikuwa wapi?

Jibu ukweli. Ufupi. "Mheshimiwa, nilikwenda Geita kutafuta maisha, niliogopa, nimekosea, nimekuja mwenyewe." Sijawahi kuona hakimu anayefurahia hadithi ndefu. Usimsingizie marehemu, usiseme uliumwa miaka yote hiyo, mahakimu wamesikia magonjwa yote. Kama kweli kulikuwa na msiba au ugonjwa mwezi ule uliokosa, leta kadi ya hospitali au barua ya kijiji, sio maneno.

Hapa nisikufiche kitu. Sheria inasema mtu aliyewahi kupewa dhamana na mahakama akaruka hapaswi kupewa tena dhamana. Imeandikwa hivyo kwenye orodha ileile yenye mauaji na unyang'anyi wa kutumia silaha, watu hawaijui hii wanadhani dhamana ni haki moja kwa moja. Ndo maana kujipeleka mwenyewe na kuja na maelezo kuna uzito, kwa sababu wakili anaenda kujenga hoja kwamba kutokuja kwako hakukuwa kukimbia haki moja kwa moja na kwamba sasa umerudi kwa miguu yako, na mwendesha mashtaka akisema hana pingamizi mambo yanakuwa mepesi zaidi. Aliyeletwa na pingu hana hiyo hoja. Lakini jiandae kisaikolojia na familia yako ijue kwamba unaweza kwenda mahabusu siku hiyo ukakaa wiki kadhaa hata zaidi mpaka kesi iishe. Kodi ya nyumba lipa mbele, mwenye gari unaloendesha saizi mwambie mapema. Wakati mwingine hakimu anafuta waranti, anaongeza kiasi cha bondi, anakupa masharti ya kuripoti, unarudi nyumbani jioni. Nimeona yote mawili na siwezi kukuahidi lipi.

Waranti ikishafutwa watu wanadhani wamemaliza. Hapana, umerudi mwanzo tu, sasa una kesi ya 2014 ya kujibu. Na hapa ndo umri wa kesi unaanza kukusaidia kidogo. Upande wa mashtaka lazima ulete mashahidi: mlalamikaji mwenyewe, aliyeona, daktari aliyejaza PF3, askari mpelelezi. Kijiwe cha bodaboda kinabadilika watu kila mwaka, mpelelezi kahamishwa, daktari hajulikani yuko hospitali gani. Kesi ikiahirishwa mara kadhaa bila mashahidi, mwendesha mashtaka mwenye busara ataiondoa. Lakini usiingie ukitegemea hilo peke yake, maana shahidi mmoja mwenye kovu kichwani na kumbukumbu nzuri anatosha.

Kuhusu huyo mwenzako, mlalamikaji. Ukienda kwake peke yako na bahasha inaitwa kuharibu shahidi na itakuongezea matatizo. Ukienda kupitia wazee, kwa uwazi, kuomba msamaha na kumfidia gharama za matibabu, alafu yeye kwa hiari yake aende kwa mwendesha mashtaka kusema hana kinyongo, hilo ni jambo linalofanyika na linaheshimika. Elewa tu kwamba msamaha wake haumalizi kesi wenyewe. Mlalamikaji kisheria ni Jamhuri. Mahakama inaruhusiwa kuhamasisha upatanisho kwenye makosa madogo ya kibinafsi kama shambulio la kawaida, la kwako limepanda daraja kidogo kwa sababu ya jeraha, kwa hiyo uamuzi wa kuondoa shtaka au kulipunguza liwe shambulio la kawaida uko kwa ofisi ya mashtaka. Mwaka 2014 kwenye wilaya nyingi waliokuwa wanaendesha mashtaka ni polisi, siku hizi ni Ofisi ya Taifa ya Mashtaka, na ndo hao wakili wako anatakiwa akae nao mezani. Tangu 2019 sheria inaruhusu hata makubaliano ya kukiri kosa.

Ila sasa sikiliza, hasa wewe wa Oman. Utakuwa na haraka, na mtu atakunong'oneza pale pale, "kiri tu ulipe faini uondoke." Inawezekana kweli ukapata faini, au kuachiwa kwa masharti, au kazi za kijamii chini ya sheria ya huduma kwa jamii ya 2002, hasa ukiwa ni mkosaji wa mara ya kwanza. Lakini ukishakiri umetiwa hatiani, na hatia ya kosa la ukatili ni kitu tofauti kabisa na kesi iliyoondolewa pale unapoomba cheti cha tabia njema. Unaweza kumaliza kesi asubuhi na kuua safari yako asubuhi hiyohiyo. Kwa hiyo kabla ya kufungua mdomo kusema "ni kweli", mwambie wakili lengo lako ni nini, aanze na njia ya kuondolewa shtaka, na kukiri kuwe karata ya mwisho.

Na kama jalada litaonyesha ile hali ya tatu, ulishahukumiwa haupo? Usikate tamaa lakini usijipeleke mpaka karatasi ziwe tayari. Sheria inaipa mahakama ileile iliyokuhukumu uwezo wa kuitengua hukumu ukiiridhisha mambo mawili kwa pamoja, kwamba ulikosekana kwa sababu zilizokuwa nje ya uwezo wako, na kwamba una utetezi wa maana. Mahakama za juu zimeshasema kwamba mtu aliyehukumiwa hayupo akiletwa apewe kwanza nafasi ya kusikilizwa kabla ya kupelekwa gerezani, na kwa vitendo nafasi hiyo wakati mwingine inarukwa mpaka wakili aikumbushe. Kwenda machimboni kwa hiari yako sio sababu iliyo nje ya uwezo wako, hilo lazima niseme. Njia nyingine ni rufaa Mahakama Kuu. Kawaida unatoa kusudio ndani ya siku 10 na rufaa yenyewe ndani ya siku 45, kwako zimepita zamani kwa hiyo unaanza na maombi ya kuongezewa muda, na kwenye rufaa hizi wakati mwingine hukumu inaanguka kwa sababu taratibu za kusikiliza bila mshtakiwa hazikufuatwa sawasawa. Mwenye kujua ni yule atakayesoma jalada.

Mambo mawili ya mwisho ya kiutendaji. Siku waranti itakapofutwa omba nakala ya amri iliyogongwa muhuri, kopi tatu nne, moja ipelekwe kwa OC-CID, yaani mkuu wa upelelezi wa wilaya, Morogoro ipokelewe kwa saini na tarehe ili waitoe kwenye kumbukumbu zao, nyingine ikae nyumbani, nyingine utembee nayo. Kuna watu wamekamatwa upya kwa waranti iliyoshafutwa kwa sababu karatasi ya kufuta haikuvuka barabara kutoka mahakamani kwenda kituoni. Kesi ikiisha fanya hivyohivyo na hukumu au amri ya kuondolewa shtaka, na hapo ndo uende kuomba cheti.

Na ajenti mwambie leo kwamba hutakuwa tayari tarehe aliyokupa. Huna haja ya kumsimulia yote, sema una jambo la kisheria la kifamilia unalimaliza. Kwa sababu ukipewa dhamana, sharti mojawapo la kawaida ni kusalimisha pasipoti na kutotoka nje ya eneo au nchi bila ruhusa ya mahakama. Ukichukua hela ya mwajiri sasa hivi alafu pasipoti ikakaa kwenye kabati la mahakama Morogoro, utakuwa na kesi ya 2014 mkono mmoja na deni la Muscat mkono mwingine. Na usijaribu kuondoka kabla hujaanza hili, eti ukamalizie huko huko. Nchi ile ukifika mkataba ukiisha unahitaji pasipoti mpya, unahitaji ubalozi, unahitaji kurudi kuzika, na kila mara utakuwa unapita mbele ya afisa mwenye kompyuta ya kweli.

Ukishaonana na mjomba nitumie hiyo namba ya kesi na uniambie jina lako liliandikwaje kwenye hati ya mashtaka, nikuelekeze nani wa kumwona Morogoro.